Kumpa mtoto zinki anapoharisha: siku 10, si siku 3

Swali linalokuja mara nyingi kuliko yote dirishani kwangu ni hili: "Nesi, choo kimeshakaza tangu juzi, hivi vidonge vilivyobaki nivifanyeje?" Linabadilisha kanga tu, swali ni lilelile. Likiondoka hilo linakuja la baba aliyeniuliza, kwa wasiwasi wa kweli, kama zinki ninayompa mwanawe ndiyo ile inayopakwa mabati. Kisha la bibi aliyeachiwa mjukuu, mama mtu yuko mjini kikazi, naye hajui kidonge kinatafunwa, kinamezwa au kinakorogwa. Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio wa kazi yenyewe, ili usome, uanze, na ufike siku ya 10.

Mwongozo huu ni wa mtoto wa chini ya miaka 5 anayeharisha choo cha maji, ambaye bado anakunywa au ananyonya na hana dalili za hatari. Dalili hizo ndizo zinazotangulia. Usiziruke hata kama una haraka.

Kwanza: mtoto huyu ni wa nyumbani au wa kukimbizwa?

Mpeleke kituo cha afya sasa hivi, usianze na kidonge, ukiona lolote kati ya haya:

- Hawezi kunywa wala kunyonya, au kila kinachoingia anakitapika.
- Amepata degedege, au amelegea, ni mzito kuamka, hajali anapoitwa.
- Choo kina damu.
- Macho yamezama. Ukifinya ngozi ya tumbo, katikati ya kitovu na ubavu, kisha ukaachia, inarudi polepole badala ya kurudi papo hapo.
- Ana umri chini ya miezi 2.
- Miguu yote miwili imevimba, au utepe wa kupima mkono unasoma nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5. Mtoto mwenye utapiamlo mkali hawekewi maji kama wengine. Akipewa ORS (unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji ili kurudisha maji mwilini) ya kawaida kwa kasi, moyo wake unaweza kuelemewa. Huyo ni wa hospitali.
- Ameharisha siku 14 au zaidi.

Njiani endelea kumnyonyesha au kumpa ORS kwa kijiko kama anaweza kumeza. Usisubiri ufike.

Kama hana hata moja kati ya hayo, tuendelee.

Vitu vya kuwa navyo

Vidonge vya zinki vya kuyeyuka, miligramu 20, karatasi moja yenye vidonge 10. Zahanati nyingi hutoa, na maduka ya dawa muhimu huwa navyo. Siku hizi utavikuta pia kwenye boksi moja na ORS; Shirika la Afya Duniani liliuweka mfuko huo wa pamoja kwenye orodha ya dawa muhimu za watoto mwaka 2019, na mimi naupenda kwa sababu mzazi hawezi kuondoka na kimoja akasahau kingine. Ukipewa zinki ya maji badala ya vidonge, soma lebo kabla hujatoka mlangoni: zipo za miligramu 10 kwa kijiko cha mililita 5 na zipo za miligramu 20 kwa kijiko hichohicho. Chupa zinafanana, dozi hazifanani.

Pakiti za ORS, angalau 2. Angalia kila pakiti inachanganywa kwenye maji kiasi gani, kwa kuwa kuna za lita 1 na kuna za nusu lita.

Chombo unachojua ujazo wake. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Chupa ya plastiki ya maji ya kunywa imeandikwa lita 1 au mililita 500, hiyo inafaa. Chupa ya kioo ya soda haifai: ujazo wake ni mililita 300 au 350, wala si nusu lita kama wengi wanavyodhani. Ukitumia chupa hiyo kwa pakiti ya nusu lita, chumvi inazidi, na chumvi ikizidi inamdhuru mtoto.

Maji safi ya kunywa yaliyochemshwa yakapoa, kijiko cha chai, kikombe chenye mfuniko, sabuni.

Na kalamu. Utaona kazi yake.

Neno moja kuhusu zinki yenyewe

Ndiyo, baba, ni madini yaleyale yanayopakwa mabati, lakini kwenye kidonge yako katika umbo la chumvi inayoyeyuka, kwa kipimo cha dawa. Mwili unayahitaji kwa kiasi kidogo mno: mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anahitaji takriban miligramu 3 kwa siku. Ukichukua chembe chache za chumvi kwa ncha ya kucha umekwisha kupata picha.

Lakini udogo huo usikudanganye. Chuma mwili unaweza kukihifadhi kwenye ini. Zinki haina ghala la namna hiyo. Inayoingia leo ndiyo inayotumika, na mtoto anapoharisha inatoka na choo. Wakati huohuo ukuta wa utumbo, ambao hujifanya upya kila baada ya siku chache, unaihitaji ili ujijenge tena. Kwa hiyo choo kinapokaza siku ya 3, utumbo ndani bado uko kwenye matengenezo. Siku 7 zinazobaki ni za fundi kumaliza kazi.

Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa tamko la pamoja: kila mtoto anayeharisha apewe ORS yenye chumvi na sukari iliyopunguzwa pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14. Faida yake ni mbili. Kuharisha kunaisha mapema kidogo, na kwa miezi 2 hadi 3 inayofuata uwezekano wa mtoto kuharisha tena unapungua. Hiyo faida ya pili ndiyo inayopotea ukiacha siku ya 3, na ndiyo ninayoililia kila siku. Mama mmoja aliwahi kunirudia na mtoto anayeharisha upya, mkononi kashika karatasi ya zinki yenye vidonge 7. Wala hakuwa mzembe. Hakuna aliyemweleza kwa nini vilikuwa 10.

Hatua

1. Nawa mikono kwa sabuni, changanya ORS kwanza.

ORS inatangulia zinki, siku zote. Kinachoua kwa haraka ni kupotea kwa maji na chumvi, na zinki haiyarudishi. Mimina maji yote ya kipimo kwenye chombo, mwaga unga wote wa pakiti, koroga hadi uyeyuke kabisa. Usigawe unga kwa makadirio eti "nusu leo nusu kesho". Onja: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Funika. Baada ya saa 24 yaliyobaki mwaga, changanya mapya.

Kama ORS haipo kabisa usiku huo, maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vya kusawazisha, chumvi nusu kijiko cha chai cha kusawazisha. "Kusawazisha" maana yake pitisha kisu juu ya kijiko, kilima kisibaki. Mchanganyiko huu ni wa kuvukia usiku tu. Asubuhi katafute pakiti.

2. Mpe kila baada ya kuharisha.

Chini ya miaka 2: mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, yaani robo hadi nusu ya kikombe cha mililita 200. Miaka 2 na zaidi: mililita 100 hadi 200, nusu kikombe hadi kikombe kizima. Mdogo mpe kwa kijiko, mkubwa kwa mikupuo midogo. Chupa ya kunyonyea weka pembeni. Inasafishika kwa shida na inaweza kurudisha wadudu uliokwisha kuwafukuza.

3. Jua dozi ya zinki kwa umri.

Miezi 2 hadi kabla ya kutimiza miezi 6: nusu kidonge (miligramu 10) kwa siku.
Miezi 6 hadi miaka 5: kidonge kizima (miligramu 20) kwa siku.
Mara 1 kwa siku, siku 10.

Usishangae mtoa huduma akikuandikia pungufu ya hapo. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na New Delhi kwa watoto 4,500, ukachapishwa mwaka 2020, ulilinganisha miligramu 20, 10 na 5. Dozi ndogo hazikuzidiwa na ile kubwa katika kufupisha kuharisha, na watoto waliozipata walitapika pungufu. Ukiandikiwa nusu, fuata nusu. Wala usiongeze kwa sababu jirani alipewa kizima. Idadi ya siku ndiyo usiyoigusa.

4. Chagua saa moja ya siku na uishike.

Saa inayofaa ni baada ya mtoto kula au kunyonya, kwa sababu zinki ikikuta tumbo tupu inatibua. Wengi wangu hapa wanachagua saa 2 asubuhi baada ya uji. Wengine jioni, wakishatoka shambani au sokoni. Saa yoyote ni sawa mradi iwe ileile.

5. Yeyusha kidonge kwenye kijiko.

Weka kidonge kwenye kijiko cha chai kikavu. Ongeza maziwa ya mama uliyokamua, au ORS, au maji safi, kidogo tu, kijiko kisifurike. Acha bila kukipondaponda. Ndani ya dakika 1 kitakuwa kimelainika chenyewe. Tikisa kijiko taratibu, mpe chote. Kisha ongeza matone mengine ya maji kwenye kijiko hichohicho, zungusha, mpe na hayo, kwa sababu dawa hubaki chini.

Usikiyeyushe kwenye bakuli zima la uji. Mtoto akiacha nusu ya uji hutajua amekunywa dawa kiasi gani. Mkubwa anayeweza kutafuna vizuri anaweza kutafuna kisha akashushia maji.

Kwa wa nusu kidonge: kata kwenye mstari wa katikati. Nusu inayobaki ifunge kwenye karatasi yake, weka pakavu, mpe kesho. Vidonge hivi vinanyonya unyevu, na sisi wa pwani tunajua hewa yetu. Ukikuta nusu imelowa au imemumunyuka, itupe, tumia nyingine.

6. Andika.

Hii ndiyo kazi ya kalamu. Juu ya karatasi ya vidonge, kwenye kila tundu, andika namba 1 hadi 10 kabla hujaanza. Toa cha 1 leo, cha 2 kesho. Usiku anayekuja kukupokea mtoto, awe shangazi, dada wa kazi au bibi, haulizi "ameshapewa?" Anaangalia namba. Nimeona watoto waliopewa mara 2 kwa siku kwa upendo tu, kila mtu akidhani mwenzake kasahau. Kwa mtoto wa nusu kidonge chora mistari 10 ukutani au nyuma ya kadi ya kliniki, ufute mmoja kila siku.

7. Endelea kumlisha.

Usilifungie tumbo. Anayenyonya anyonye zaidi ya kawaida, usiku na mchana. Aliyeanza chakula apewe kidogokidogo mara nyingi: uji uliotiwa karanga au mafuta kidogo, viazi, ndizi, wali laini, dagaa waliosagwa, samaki. Akipona mwongezee mlo 1 kwa siku kwa wiki 2, kwa kuwa amepoteza uzito na anadai.

Madafu je? Ni kinywaji kizuri na mtoto huyapenda, lakini yana chumvi ya sodiamu kidogo, kwa hiyo hayachukui nafasi ya ORS. Mpe kama nyongeza. Soda, juisi za dukani na chai ya sukari nyingi zikae mbali: sukari nyingi ndani ya utumbo inavuta maji na kuharisha kunaongezeka.

8. Fika siku ya 10.

Siku ya 3 au ya 4 choo kitakaza. Mtoto ataanza kucheza, atakimbiza kuku. Hapo ndipo moyo utakwambia uvihifadhi vilivyobaki "kwa ajili ya siku nyingine". Usivihifadhi. Mpe cha 4, cha 5, hadi cha 10.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kutegemea zinki ifunge tumbo. Haifanyi hivyo. Kwa wastani inapunguza muda wa kuharisha kwa kama nusu siku kwa mtoto wa zaidi ya miezi 6. Ukingoja muujiza saa 2 baada ya kidonge cha kwanza utakata tamaa na kukimbilia vidonge vya kufunga choo kama loperamaidi. Vidonge hivyo mtoto mdogo hapewi kamwe. Vinaweza kusimamisha utumbo wake. Vivyo hivyo Flagyl na antibayotiki nyingine: kuharisha kwa maji kwa watoto husababishwa mara nyingi na virusi, na dawa hizo haziwagusi. Ni za kuandikiwa, kwa mfano choo kinapokuwa na damu.

Kuchanganya na dawa ya kuongeza damu. Chuma na zinki hugombania mlango uleule wa kuingilia mwilini. Mtoto anayetumia vyote viwili apewe kimoja asubuhi na kingine jioni.

Kutomwambia mtoa dawa kuhusu dawa nyingine. Zinki hushikamana na siprofloksasini, ambayo ni antibayotiki, ndani ya utumbo, dawa ikapita bila kufyonzwa. Hali kadhalika dolutegravir, ambayo iko kwenye ARV za watoto. Usiache hata moja. Sema tu unatumia nini, upangiwe saa zinazopishana.

Kumwongezea zinki mtoto aliye kwenye chakula dawa cha utapiamlo. Zile pakiti za karanga wanazopewa watoto wenye utapiamlo mkali tayari zina zinki ya kutosha. Muulize aliyekupa kabla ya kuongeza.

Kuendelea mwezi mzima kwa kuwa "ni vitamini tu". Si vitamini, na miligramu 20 kila siku ni mara nyingi ya hitaji la kawaida la mtoto. Zinki ikizidi kwa muda mrefu inaizuia shaba kufyonzwa, na mtoto asiye na shaba ya kutosha anapungukiwa damu. Madini haya madogo yanaishi kwa kupimana. Siku 10, hata 14 ukiambiwa, basi.

Nimeacha mawili mwishoni kwa sababu yananiuma.

La kwanza ni meno ya plastiki. Mtoto anaharisha, ana homa, mtu anampanua mdomo na kuonyesha uvimbe mweupe kwenye ufizi: "haya ndiyo yanayomharisha, yang'olewe." Ule uvimbe ni meno ya chonge ambayo hayajatoka. Kila mtoto anayo. Yanachokolewa kwa msumari au kisu bila ganzi, mtoto anavuja damu, jeraha linaingia wadudu, na wapo wanaokufa kwa hilo, wala si kwa kuharisha. Hakuna meno ya plastiki. Anayekushauri anaweza kuwa mama mkwe wako na ni vigumu kumbishia, basi mwambie kwa adabu, "Mama, nesi kasema tumalize kwanza dawa ya siku 10." Nitumie mimi kama kisingizio. Siku 10 zikipita mtoto atakuwa anacheza, na meno yake yatakuwa mahali pake.

La pili ni utosi. Utosi ukibonyea, wengi wanapaka dawa juu ya kichwa. Utosi uliobonyea unakwambia maji yamepungua ndani. Yanajazwa kwa kupitia mdomoni, na kwa mtoto aliyefikia hapo ni kituoni, haraka.

Mambo yakikwama

Anatapika kidonge. Akitapika ndani ya nusu saa, subiri dakika 10 atulie, mpe kingine. Akitapika na hicho, usimlazimishe, endelea na ORS na ujaribu tena siku inayofuata baada ya chakula. Akitapika baada ya nusu saa kupita, hesabu kuwa amekipata. Vidonge vikipungua kwa sababu hiyo, rudi uongezewe vifike siku 10.

Anatapika ORS. Simama dakika 10, anza upya kwa kijiko 1 kila baada ya dakika 2 au 3. Inachosha, najua, hasa saa 8 za usiku. Lakini kijiko 1 kila dakika 2 ni zaidi ya mililita 100 kwa saa, na hicho ni kingi kuliko unavyodhani. Akitapika kila kitu hata hivyo, ni safari ya kituoni.

Anakataa ladha. Zinki ina ladha ya chuma inayobaki ulimini. Jaribu maziwa ya mama badala ya maji, au mpe kwa mafungu madogo 3 ndani ya dakika chache. Mwinue kichwa. Usimzibe pua, dawa inaweza kuingia kwenye njia ya hewa.

Umesahau siku moja. Ukikumbuka siku hiyohiyo, mpe. Ukikumbuka kesho yake, mpe kidonge 1 kama kawaida na endelea mpaka karatasi iishe. Usimpe 2 kufidia.

Amepewa 2 kwa bahati mbaya. Huenda akatapika au akaumwa tumbo kidogo. Mpe maji, ruka siku inayofuata. Lakini akimeza vingi, mathalani ameokota karatasi nzima, mpeleke kituoni na karatasi yenyewe mkononi.

Choo hakijabadilika. Kuharisha kwa kawaida kunaweza kuchukua siku 5 hadi 7, na mtoto akiwa anakunywa, anakojoa na anacheza, wewe endelea. Lakini rudi kituoni siku ya 5 kama hali ni ileile, na usingoje siku ya 5 ukiona dalili yoyote ya ile orodha ya mwanzo.

Ameacha kuharisha, akaanza tena siku ya 7. ORS inarudi, zinki inaendelea pale ilipofika. Huanzi kuhesabu upya.

Unataka apimwe damu kuona kama ana upungufu wa zinki. Kwa mtoto anayeharisha hakuna haja. Zinki ya kwenye damu hushuka mtoto akiwa na maambukizi hata kama chakula chake ni kizuri, kwa hiyo namba hiyo haitabadilisha dozi.

Umeulizwa baada ya hapo apate zinki wapi. Chakulani. Nyama na ini, dagaa, samaki, mayai. Kwa walio pwani, chaza na kome waliopikwa vizuri, kwani chaza ndiye anayeongoza vyakula vyote kwa zinki. Maharage, ufuta, karanga na mbegu za maboga vinayo pia, lakini kwenye nafaka na kunde kuna faiteti inayoishikilia isifyonzwe. Bibi zetu walikuwa na dawa yake bila kujua jina: loweka maharage usiku na umwage maji, chachusha uji, pika togwa kwa kimea. Uchachushaji na kimea vinavunja faiteti. Chumvi ya madini joto inaleta ayodini, haileti zinki. Endelea nayo kwa kazi yake.

Watoto 2 wanaharisha pamoja, na umepewa karatasi 1. Jaribu linalokuja ni kuwagawia 5 kwa 5. Usifanye hivyo. Waanzishe wote 2 leo, kila mmoja na dozi yake ya umri, na kesho asubuhi rudi zahanati na kadi ya yule wa pili ukachukue karatasi yake. Andika jina la kila mtoto juu ya karatasi kabla hujatoka dirishani.